Kitalu Kisichochimbwa: Fungu la Binti Lina Thamani Gani?



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka kwa dada mmoja wa Nachingwea. Baba yake alifariki, Allah amrehemu, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Aliacha nyumba, shamba la mikorosho, na robo ya leseni ya uchimbaji mdogo, ile ambayo wachimbaji huiita PML, aliyoimiliki pamoja na wenzake watatu katika Wilaya ya Ruangwa. Nyumba na shamba viligawanywa bila kelele mbele ya sheikh wa mtaa. Kilichokwama ni ile robo ya kitalu.

Kaka anasema kule hakuna kitu, ni mawe matupu, hapajachimbwa hata kiroba kimoja cha kuuza. Kwa hiyo anawapa dada zake shilingi 300,000 kila mmoja, na mama shilingi 200,000, wamwachie yeye robo nzima ili "isimsumbue mtu." Mabinti nao wamesikia habari za kampuni kutoka Australia, za kinywe na nikeli, na za mabilioni. Zaidi ya hayo, kaka ameonekana mara mbili akiwapeleka wageni kitaluni, nao wakaondoka na mawe. Dada anauliza: robo ile ina thamani gani hasa? Na nikipokea laki tatu, nimedhulumiwa au sikudhulumiwa?

Swali la kwanza nitalijibu kwa urefu, kwa sababu si la nyumba moja. Tangu watafutaji wa madini walipoanza kuzunguka Ruangwa na Nachingwea, familia nyingi zimejikuta na karatasi ambayo leo husemwa ni utajiri na kesho husemwa ni takataka.

Kwanza tujue marehemu aliacha nini. Hakuacha madini. Sheria ya nchi yetu inasema madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Wala hakuacha ardhi yenyewe. Huenda juu ya kitalu kile kuna shamba la mtu mwingine kabisa, ambaye ana haki zake za fidia. Alichoacha ni robo ya haki ya kuchimba, haki yenye mipaka ya eneo na mipaka ya muda. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka 7, na huweza kuhuishwa. Ina ada ya kila mwaka, na asiyelipa ada hujiweka katika hatari ya kufutiwa. Vilevile haitolewi kwa asiye Mtanzania, jambo ambalo lina maana kubwa tukifika kwa wale wageni wa kaka.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Wapokezi wa hadithi, miongoni mwao Abu Dawud na Tirmidhi, wamesimulia habari ya Abyadh bin Hammal, aliyemwomba Mtume (S.A.W.) ampe eneo la chumvi la Ma'rib huko Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwepo akabainisha kwamba alichopewa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani chumvi iliyo wazi ambayo kila mtu huichota bila taabu. Mtume (S.A.W.) akakirejesha. Wanazuoni wamejenga juu ya kisa hiki hukumu nyingi za madini. Mimi nachukua mawili tu: kwamba haki ya madini hutolewa na mwenye mamlaka kwa maslahi ya umma, na kwamba thamani ya eneo hubadilika mara tu mtu anapojua kilichomo. Chumvi ilikuwa ile ile asubuhi na jioni. Kilichoongezeka ni habari.

Sasa tuje Nachingwea yenyewe. Katika kilima cha Ntaka iko nikeli, na hilo halina ubishi, kwani miamba ilichorongwa kwa miaka mingi na kampuni za Kanada na Australia. Leseni ya utafutaji ikageuka kuwa leseni ya kuhodhi eneo, aina ya leseni aliyopewa mtu aliyegundua madini lakini bado hajaona faida ya kuyachimba kwa bei za wakati huo. Mwaka 2017 Bunge lilibadilisha Sheria ya Madini na aina hiyo ya leseni ikaondolewa. Kanuni za Januari 2018 zikazifuta zilizokuwepo. Wenye hisa wakabaki na kampuni ambayo mali yake kuu imetoweka kwa maandishi ya karatasi moja.

Wakaenda kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mwezi Julai 2023 wasuluhishi wakaamua kwamba Tanzania iwalipe dola milioni 76.7 pamoja na riba, na jumla yake ikapita dola milioni 109. Angalia hapo, ndugu msomaji: zaidi ya dola milioni 30 ni riba tupu. Mwaka uliofuata, Julai 2024, pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90.

Katika habari yote hiyo hakuna hata tani moja ya nikeli iliyochimbwa na kuuzwa. Mtu aliyekuwa na hisa za kampuni ile mwaka 2016 alikuwa na kitu cha thamani fulani. Mwaka 2018 alikuwa na kitu ambacho wengi wasingekiokota njiani. Mwaka 2024 akawa na dai la fedha taslimu. Kilima hakikusogea. Na yeyote anayedhani kwamba zile milioni 90 ndiyo "bei ya nikeli ya Ntaka" amekosea, kwani hiyo ni bei ya kesi, iliyotokana na haki iliyofutwa, gharama za mawakili, na hofu ya kila upande kuendelea kugombana.

Eneo lile lile la utafutaji lilitoa pia kinywe. Mwaka 2016 kampuni iliyokuwa na yote mawili ilijigawa: nikeli ikabaki kwenye kampuni mama, na kinywe cha Chilalo, Ruangwa, kikahamishiwa kampuni mpya. Kinywe hicho kimepita mikono kadhaa tangu hapo, na mwezi Aprili 2023 serikali ilitia saini mkataba na wamiliki wake wa wakati huo, ambapo kampuni ya ubia, Faru Graphite, iligawanywa asilimia 84 kwa wawekezaji na asilimia 16 kwa serikali. Hiyo 16 haipungui hata mtaji ukiongezwa mara kumi. Mwenye hisa wa kawaida ndiye anayepungua. Kila kampuni inapohitaji fedha za kuchoronga au kujenga, hutoa hisa mpya, na hisa ya zamani huwa kama uji uliotiwa maji: bakuli limejaa zaidi, lakini kijiko chako kimekuwa chepesi. Karibu na hapo kuna mradi wa kinywe wa Nachu, ambao upembuzi yakinifu wake ulikamilika mwaka 2016 ukiwa na tarakimu za kuvutia sana. Biashara ya hisa za mmiliki wake katika soko la Australia ilisimamishwa kabla mgodi haujachimbwa.

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa habari za tarakimu nzuri za karatasini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga, wakafyeka mapori ya Nachingwea, Kongwa na Urambo, wakajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 wakaachana nao baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Walikuwa wamekadiria mavuno kabla ya kuijua ardhi na mvua yake.

Basi mtu mwenye busara anakadiriaje kitu kama hiki? Wataalamu wana njia kadhaa, nami nitazieleza tatu kwa lugha ya nyumbani.

Njia ya kwanza ni kuuliza: kimetumika kiasi gani kukijua kitalu hiki? Si kila shilingi iliyotumika huhesabiwa, bali ile iliyoongeza habari. Dada ameandika kwamba baba yake na wenzake walitumia kama milioni 8 kwa ada, kuchimba mashimo ya majaribio na kupeleka sampuli mara moja. Kwa njia hii robo ya marehemu ingekuwa kama milioni 2, ikiwa majibu ya zile sampuli yalitia moyo. Kama yalivunja moyo, gharama imekwenda na maji. Jambo la kwanza la kumwomba kaka, basi, ni karatasi ya majibu ya maabara.

Njia ya pili ni kuangalia majirani: kitalu cha namna hii, chenye habari za kiwango hiki, kimeuzwa kwa kiasi gani karibuni? Ni njia nzuri kwa nyumba na viwanja, lakini kwa miamba ni ya hatari. Mkanda wa mwamba wenye kinywe unaweza kupita shamba la jirani na kukosa la kwako kwa hatua mia. Isitoshe, kinywe si kama dhahabu. Mwenye dhahabu kidogo ataiponda, ataiosha na kuipeleka kwenye soko la madini, na kwa kuwa masoko hayo yalianzishwa mwaka 2019, leo bei yake inajulikana kwa gramu. Kinywe kinahitaji mtambo wa kutenganisha magamba yake na mwamba, na bei hutegemea ukubwa wa magamba na usafi wake. Mwenye kitalu kidogo cha kinywe asiye na mtambo jirani wa kumuuzia ana mwamba mweusi unaochafua mikono, basi.

Njia ya tatu ndiyo ndefu, na ndiyo inayowachanganya watu. Ni kukisia faida ya baadaye na kuirudisha leo. Nitaweka tarakimu za mfano tu. Zisichukuliwe kuwa ndizo za kitalu kile.

Tuseme kitalu kikiendelezwa kitatoa faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, baada ya mrabaha, ada, vibarua na mafuta, kwa miaka mitano. Hapo ndipo anaposimama mpiga debe na kutangaza: milioni 500! Lakini faida hiyo haianzi kesho. Tuseme inaanza mwaka wa nne na kwisha mwaka wa nane. Milioni 100 ya mwaka wa nane, katika kazi yenye hatari kama hii, si sawa na milioni 100 ya mkononi. Tukiigawanya kwa 1.2 kwa kila mwaka wa kungoja, ya mwaka wa nne inakuwa kama milioni 48, na ya mwaka wa nane kama milioni 23. Jumla ya miaka yote mitano inashuka kutoka milioni 500 hadi takriban milioni 173.

Hapa msomaji mchaji atauliza: je, kupunguza kwa ajili ya muda si mlango wa riba? La. Hatukopeshani fedha. Tunakadiria bei ya mali, na wanazuoni wengi wamejuzisha bidhaa moja kuwa na bei ya taslimu na bei nyingine ya malipo ya baadaye, madhali wanaouziana wamekubaliana bei moja kabla ya kuachana.

Tuendelee. Kabla ya faida hiyo kupatikana lazima kuwe na mtaji wa mashine, kompresa, barabara na kambi. Tuseme ni milioni 90. Zimebaki 83. Na hizo 83 ni za kitalu kitakachofaulu. Wajiolojia wenye uzoefu watakwambia kwamba maeneo mengi yanayotafutwa hayafiki kuwa migodi. Tukisema kitalu hiki, kwa habari zilizopo leo, kina nafasi moja kati ya tano ya kufaulu, thamani yake yote ni milioni 16.6. Robo ya marehemu ni milioni 4.15.

Tukishalipa madeni ya marehemu na wasia wake, tunarudi kwenye Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mke ana thumuni kwa kuwa kuna watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tukigawa kwa 32, mama anapata 4, kaka 14, na kila binti 7. Katika milioni 4.15 fungu la binti ni kama shilingi 908,000, na la mama kama shilingi 519,000.

Dada yetu akiishia hapo atasema: tazama, laki tatu ni dhuluma. Asikimbilie huko. Nafasi ya kufaulu ikiwa moja kati ya kumi badala ya moja kati ya tano, fungu lake linakuwa kama 454,000. Ikiwa nusu kwa nusu, kwa sababu sampuli zimekuja vizuri, linapanda hadi zaidi ya milioni 2.2. Na bei ya madini ikianguka hata faida ya mwaka ikawa milioni 50 badala ya 100, basi thamani ya faida yote leo ni kama milioni 86, nayo haifikii hata mtaji wa milioni 90. Hapo hakuna mwenye akili atakayechimba, na fungu la binti ni sifuri. Karatasi ni moja, kitalu ni kimoja, na majibu yanatoka sifuri hadi zaidi ya milioni 2. Laki tatu iko humo ndani. Kwa hiyo siwezi kumwambia kwamba kiasi chenyewe ni dhuluma, na anayeweza kumwambia hivyo akiwa hajaona mwamba asimsikilize.

Penye shaka ni namna ya kuuziana.

Watu wa kusini tunaijua kangomba. Mnunuzi anamjia mkulima kabla ya msimu, wakati mikorosho ina maua na nyumba haina unga, anampa fedha kidogo na kuondoka na mavuno ambayo hayajaonekana. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, na alikataza mauziano ya gharari. Wanazuoni wamepiga mifano ya samaki aliye majini, ndege aliye angani, na ndama aliye tumboni mwa ng'ombe. Wakasema pia kwamba gharari ndogo isiyoepukika husamehewa, kama msingi wa nyumba ambao mnunuzi hauoni, au pamba iliyomo ndani ya joho. Robo ya kitalu kisichochorongwa iko karibu zaidi na ndama wa tumboni kuliko na msingi wa nyumba. Nyumba ikiwa na msingi mbovu kidogo bado ni nyumba. Kitalu kikiwa hakina madini, hakuna ulichonunua.

Warithi wanaruhusiwa kupatana, mmoja wao akatoka katika sehemu ya mirathi kwa kupewa kitu kinachojulikana. Wanazuoni wameliita jambo hilo takharuj. Lakini kwa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, kutoka kwa malipo ni mauziano, na mauziano hutaka kitu kijulikane. Akitaka kumwachia kaka yake kwa hiba, huku akijua anachokiacha na kwa moyo mweupe, hilo ni lake. Asishinikizwe tu, wala asitajiwe kwamba binti mwema hadai kwa kaka. Nimelisikia neno hilo misibani mara nyingi mno, na kila nilipolisikia lilisemwa na yule aliyekuwa anabaki na mali.

Jambo zito zaidi ni wale wageni. Asiyekuwa Mtanzania hawezi kuandikishwa leseni ya uchimbaji mdogo, kwa hiyo kama walikuwa ni wageni wa nje, walikuja kutafuta ubia, au kumtafuta mwenyeji wa kusimama badala yao. Kama walikuwa Watanzania, huenda ni wanunuzi kamili. Kwa vyovyote, watu hawabebi mawe kwenye viroba kwa matembezi. Mawe hayo yalikwenda kupimwa mahali, na majibu yake ni habari, na tumeona katika Ma'rib na katika Ntaka kwamba habari ndiyo thamani. Kaka akiwa anayajua majibu na anawaambia dada zake kwamba kule hakuna kitu, basi hata angewapa milioni moja kila mtu, mauziano yana hila ndani yake, na aliyehadaiwa ana haki ya kuyarejesha. Akiwa hajui chochote, naye anabahatisha kwa laki nane za mfukoni mwake, hilo ni jambo jingine kabisa, na tumdhanie wema mpaka aulizwe.

Ushauri wangu ni kwamba robo hii isiuzwe kwa yeyote ndani ya familia kwa sasa, wala isikadiriwe kwa ajili ya kumtoa mtu. Igawanywe yenyewe, ikiwa bado haijatenganishwa: katika kila shilingi 32 zitakazoingia kwa jina la marehemu, 4 za mama, 14 za kaka, 7 kwa 7 za mabinti. Na katika kila shilingi 32 zitakazotakiwa kwa ada au kwa kuchimba, kila mmoja achangie kwa uwiano huo huo au akubali kwa maandishi kwamba fungu lake litapungua. Hivi anayeamini kuna utajiri na anayeamini kuna mawe watabeba bahati moja, wala hakuna atakayeamka miaka mitano baadaye akimwona ndugu yake amejenga ghorofa kwa laki tatu zake. Kaka akisema yeye ndiye atakayesimamia kazi, alipwe ujira wa kusimamia, ujulikane na uandikwe. Usimamizi una ujira. Haugeuki kuwa umiliki.

Ili hayo yasimame, familia ikathibitishe msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi apeleke hati zake kwa Afisa Madini Mkazi, ili jina la marehemu lisiachwe likielea kwenye leseni. Huko huko waulize miaka mingapi imebaki katika ile 7, na kama ada za nyuma zimelipwa. Leseni iliyobakiza miezi michache na yenye deni la ada inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko nauli ya kuifuatilia. Wenzake watatu wa marehemu nao waulizwe mapema kama wana makubaliano ya maandishi kuhusu mmoja wao akifariki, maana ubia wa kushikana mikono chini ya mwembe hukatika mkono mmoja ukizikwa. Wakishapata fedha kidogo, wachukue sampuli upya, mbele ya mashahidi wa pande zote, na kuzipeleka kwenye maabara inayoaminika, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko gharama ya kuhasimiana.

Dada ameuliza pia, pembeni ya barua, kama wanatakiwa kulitolea zaka fungu hili. Kwa kuwa wamelirithi, hawakulinunua kwa nia ya kuliuza, na halijatoa kitu, sioni zaka juu yake leo. Angekuwa amenunua hisa za kampuni ya utafutaji akingoja zipande ili aziuze, zingehesabiwa kama bidhaa ya biashara, na kila mwaka angezitolea asilimia 2.5 ya bei ya siku ile, hata kama kampuni haijachimba jiwe. Bei ya siku ile, nasema, si bei aliyonunulia wala ile anayoiota.

Jioni moja baada ya Isha, basi, mama aketi na watoto wake watatu, sheikh aliyegawa nyumba na shamba awepo, na leseni iwekwe mkekani. Mama mwenyewe ndiye amuulize mwanawe, kwa upole, bila ya kumtuhumu: yale mawe yalipelekwa wapi, mwanangu, na waliyoyapima walisemaje?

Wallahu a'lam.